Kosa la Fermat katika Namba 4,294,967,297

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa mahakama kuu ya Toulouse kusini mwa Ufaransa, alimwandikia barua Bernard Frénicle de Bessy wa Paris, mtu aliyesifika kwa wepesi wa kukokotoa. Ndani ya barua hiyo alipanga namba saba: 3, 5, 17, 257, 65,537, 4,294,967,297, na ya mwisho yenye tarakimu ishirini, 18,446,744,073,709,551,617. Akasema anaamini kwamba hizo zote, pamoja na zinazozifuata kwa utaratibu uleule bila kikomo, ni namba tasa. Alikosea kuanzia namba ya sita. Jinsi kosa hilo lilivyoingia, likakaa na likakomaa ni jambo ambalo kila anayefundisha au kujifunza hesabu anapaswa kulijua.

Namba tasa tunaijua tangu shule ya msingi: ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7, 13 au 29. Utaratibu wa Fermat nao ni mwepesi. Anza na 2, jumlisha 1, unapata 3. Rudi kwenye ile 2, izidishe kwa yenyewe upate 4, jumlisha 1, unapata 5. Zidisha 4 kwa 4 upate 16, jumlisha 1, unapata 17. Kisha 16 kwa 16 ni 256, na ukijumlisha 1 ni 257. Kisha 256 kwa 256 ni 65,536, ukijumlisha 1 ni 65,537. Kwa lugha ya vipeo, unachukua 2 na kuipa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 na kuendelea, ukiongeza 1 kwenye kila zao. Siku hizi namba hizi huitwa namba za Fermat na huhesabiwa kuanzia sifuri: F0 ni 3, F1 ni 5, F2 ni 17, F3 ni 257, F4 ni 65,537, na F5, yaani 2³² + 1, ni 4,294,967,297.

Tano za kwanza ni tasa kweli. Hata 65,537 inaweza kupimwa kwa kalamu, kwa sababu namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo cha pili chake, yaani hapa kisichozidi 256, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni 54 tu. Mtu mwenye subira humaliza kwa jioni moja. Namba tano mfululizo, zote tasa, zote zimetoka kwenye kanuni moja fupi na nzuri. Ni rahisi kuona kwa nini moyo wa mtu ungeridhika.

Lakini F5 si tasa. Ni zao la namba mbili, 641 na 6,700,417.

Kisa hiki kingekuwa kidogo kama Fermat angekuwa mkokotoaji dhaifu, au kama kigawo hicho kingekuwa kimejificha mbali, kwenye mabilioni ambako kalamu ya karne ya 17 isingeweza kufika. Hakikujificha. 641 ni namba tasa ya 116. Mtu angeanza na 2, akaenda 3, 5, 7, 11 bila akili yoyote ya ziada, akigawanya tu, angekifikia katika mgawanyo wa 116. Na mgawanyo wenyewe ni wa kiwango cha darasa la sita. Chukua 4,294 ugawanye kwa 641: inaingia mara 6, inabaki 448. Shusha 9, unapata 4,489: inaingia mara 7, inabaki 2. Shusha 6, unapata 26: haiingii, andika 0. Shusha 7, unapata 267: haiingii, andika 0. Shusha 2, unapata 2,672: inaingia mara 4, inabaki 108. Shusha 9, unapata 1,089: inaingia mara 1, inabaki 448. Shusha 7, unapata 4,487: inaingia mara 7 kamili, hakuna baki. Jibu ni 6,700,417. Msomaji mwenye karatasi anaweza kulifanya sasa hivi na kuona kwa macho yake kile ambacho Fermat hakukiona.

Zaidi ya hapo, Fermat hakuhitaji migawanyo 116. Mwaka huohuo wa 1640 alimwandikia Frénicle kanuni ambayo leo hubeba jina lake na imekuwa nguzo ya nadharia ya namba. Inasema hivi: chukua namba yoyote tasa, iite p, na namba nyingine isiyogawanyika kwa p. Ipe hiyo ya pili kipeo cha p − 1, kisha gawanya zao kwa p. Baki itakuwa 1 daima. Jaribu kwa 7 na 2: 2 kwa kipeo cha 6 ni 64, na 64 kugawanya kwa 7 ni 9, inabaki 1.

Kanuni hiyo ina nguvu kubwa, kwa sababu hukuambia vigawo vya namba fulani vinaweza kuwa vya sura gani, na hivyo hukupunguzia kazi. Fermat mwenyewe aliitumia hivyo. Katika mwaka uleule alitaka kujua kama 2³⁷ − 1, yaani 137,438,953,471, ni tasa. Aliona kwamba kigawo chochote tasa cha namba hiyo lazima kizidi kigawe fulani cha 74 kwa 1. Namba tasa ya kwanza ya sura hiyo ni 149, na haigawanyi. Ya pili ni 223, nayo inagawanya bila baki. Kwa majaribio mawili aliivunja namba ya tarakimu kumi na mbili, jambo ambalo wengine wangelihangaikia kwa miezi.

Sasa itumie njia hiyohiyo kwa F5. Kigawo chochote tasa cha 2³² + 1 lazima kizidi kigawe cha 64 kwa 1. Namba tasa za sura hiyo, kwa mpangilio, ni 193, 257, 449, 577, 641. Migawanyo mitano. Silaha ilikuwa mkononi mwake, ameinoa mwenyewe, ameijaribu kwa namba kubwa zaidi ya hii na ikamtii. Kwenye barua alidai kwamba amekwisha kuondoa vigawo vingi kwa njia zisizo na shaka. Wapo wanahistoria wanaohisi kwamba alifika hadi 641 na akateleza kwenye ugawanyaji, pengine akakosea tarakimu moja, akaandika kwamba inabaki kitu, akaendelea mbele. Kwa maoni yangu maelezo hayo yana mantiki kuliko mengine. Mtu asiyejali asingeandika kwamba ameondoa vigawo. Alijali, alikokotoa, na hakurudia. Alipopata jibu alilolitarajia aliridhika nalo. Kama angepata jibu asilolitarajia, bila shaka angelikokotoa upya mara mbili na mara tatu. Hapo ndipo penye hatari kwa yeyote anayependa dai lake: anakagua kwa ukali yale yanayompinga, na yale yanayomkubalia anayapitisha.

Ni haki kumtetea kwa jambo moja. Mwaka 1640 alisema wazi kwamba hana uthibitisho kamili. Alisema anaamini, na kati ya kuamini na kuthibitisha aliweka mpaka. Mwaka 1654 alimwandikia mwanahisabati Blaise Pascal, akampa swali hilohilo na kumwomba amsaidie kupata uthibitisho, kwa kuwa yeye hakuwa ameufikia. Huo ni unyofu unaostahili kuigwa. Wasomi wengi, wakati ule na sasa, wangeona haya kukiri hivyo.

Kisha ukaja mwaka 1659. Fermat alikuwa katika miaka ya mwisho ya maisha yake. Alimtumia rafiki yake Pierre de Carcavi maelezo ya kazi yake kuhusu namba, na humo dai la namba tasa likatokea tena. Safari hii lilipangwa pamoja na mambo aliyosema ameyathibitisha kwa ile njia aliyoibuni ya kushuka hatua kwa hatua kutoka namba kubwa kwenda ndogo. Shaka ya mwaka 1640 haimo, wala ombi la mwaka 1654. Uthibitisho hauwezi kuwa ulipatikana, maana dai lenyewe si kweli, na jambo lisilo kweli halithibitishiki kwa njia yoyote halali. Kilichobadilika ni usemi wake tu.

Naona hapa ndipo kiini cha kosa kilipo, kuliko hata kwenye 641. Kuteleza katika ugawanyaji ni jambo la kila siku. Kibaya zaidi ni imani iliyokaa miaka 19 bila kupimwa upya, ikirudiwa katika barua baada ya barua, mpaka mwenyewe akasahau kwamba ilikuwa imani. Kila alipoirudia, mazoea yaliongezeka lakini ushahidi haukuongezeka. Mawingu yalizidi kuwa mazito akilini mwake. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba mawingu ni mvua.

Fermat alifariki mwaka 1665. Jina lake lilikuwa kubwa, na dai lake likaendelea kuishi kwa nguvu ya jina hilo. Waliolisoma hawakushika kalamu wakagawanya, kwa kuwa nani angempima Fermat kwenye namba?

Aliyeamsha suala hilo ni Christian Goldbach, mzaliwa wa Königsberg aliyekuwa akifanya kazi Urusi. Tarehe 1 Desemba 1729 alimwandikia Leonhard Euler, kijana wa miaka 22 kutoka Basel, Uswisi, aliyekuwa kwenye Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg. Mwishoni mwa barua akamuuliza kama anajua maoni ya Fermat kwamba namba zote za sura ile ni tasa, akaongeza kwamba Fermat hakuwa amethibitisha, wala yeye Goldbach hamjui mtu mwingine aliyethibitisha. Lilikuwa swali la mtu anayetaka kujua. Halikuwa na kiburi wala nia ya kumwangusha marehemu. Kuuliza si ujinga, na swali hilo moja la Goldbach lilifanya kazi ambayo sifa za miaka 90 hazikuweza kuifanya. Euler mwanzoni hakuvutiwa sana. Goldbach hakuchoka, akalirudia, na kijana akaanza kusoma kazi za Fermat.

Mwaka 1732, akiwa na miaka 25, Euler aliwasilisha makala fupi iliyosema kwamba 2³² + 1 inagawanyika kwa 641. Miaka 92 ilikuwa imepita tangu barua ya Fermat, na miaka 67 tangu kifo chake. Katika makala hiyo hakueleza alivyokifikia kigawo. Alieleza baadaye, na njia ilikuwa ileile ya Fermat: vigawo vinavyozidi vigawe vya 64 kwa 1, vikapimwa kimoja kimoja. Yaani Euler alitumia kanuni ya Fermat kulivunja dai la Fermat.

Kuna njia ya kuthibitisha mgawanyo huu bila hata kugawanya, na ningependa kila mwanafunzi wa sekondari aione, kwa uzuri wake. Angalia kwamba 641 ni 640 + 1, na 640 ni 5 × 128, yaani 5 × 2⁷. Vilevile 641 ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Sasa fikiria mabaki tunapogawanya kwa 641. Kutoka kwenye ukweli wa kwanza, 5 × 2⁷ ina baki sawa na −1. Ipe kila upande kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ina baki 1. Kutoka kwenye ukweli wa pili, 5⁴ ina baki sawa na −2⁴. Weka hiyo mahali pa 5⁴, unapata kwamba −2⁴ × 2²⁸, yaani −2³², ina baki 1. Basi 2³² ina baki −1, na 2³² + 1 ina baki sifuri. Mistari mitatu, na namba ya mabilioni imekwisha kuelezwa.

Kuna mtego mwingine ndani ya namba hizi ambao unafaa kuelezwa kwa anayetaka kupima mambo kwa uangalifu. Tuseme mtu anataka kutumia ile kanuni ya Fermat kama mtihani: aipe 2 kipeo cha F5 − 1, agawanye kwa F5, aone kama baki ni 1. Ikiwa si 1, namba si tasa. Ikiwa ni 1, namba imepita. Ukiifanyia F5 mtihani huo, inapita, ingawa si tasa! Sababu yake haina siri. 2³² ni pungufu ya F5 kwa 1 tu, kwa hiyo baki yake ni −1, na 2⁶⁴ ina baki 1. Kipeo tunachohitaji, F5 − 1, ni 2³² na hiyo ni kigawe cha 64, basi jibu haliwezi kuwa jingine ila 1. Na si F5 pekee. Kila namba ya Fermat, iwe tasa au isiwe, hupita mtihani wa 2, kwa sababu umbo lake lenyewe linalazimisha hivyo. Mtihani usioweza kumfelisha mtu haupimi chochote, hata ukifanywa mara elfu. Ukiweka 3 mahali pa 2, F5 inafeli papo hapo, na mwaka 1877 padri Mfaransa Théophile Pépin alitunga kwa njia ya namna hiyo mtihani ambao hadi leo ndio hutumika kwa namba za Fermat. Kwa hiyo kabla ya kufurahia kwamba dai limepita mtihani, inafaa kujiuliza kama lingekuwa la uongo lingefeli vipi.

Na kwa nini mifano mitano ilidanganya? Namba tasa hupungua kadiri namba zinavyokua. Karibu na 65,537, kwa wastani namba moja kati ya 11 ni tasa. Karibu na F5, ni moja kati ya 22. Karibu na F6, moja kati ya 44. Namba za Fermat zinaruka kwa kasi mno, tarakimu zikiongezeka takriban maradufu kila hatua, na nafasi ya kukutana na tasa inapungua kwa nusu kila hatua. Mifano ya mwanzo ilitoka kwenye eneo ambalo tasa zimejaa tele. Aliyepima pale akahukumu kule mbali alikuwa amepima mahali pepesi kuliko pote. Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss aliliona hilo la upungufu akiwa kijana, na uthibitisho wa jambo hilo ulipatikana mwaka 1896.

Anayedhani kwamba mifano mitano ilikuwa michache tu, na kwamba arobaini ingetosha, ajaribu hesabu hii. Chukua namba, izidishe kwa yenyewe, jumlisha namba hiyohiyo, kisha jumlisha 41. Kwa 0 unapata 41, kwa 1 unapata 43, kwa 2 unapata 47, kwa 3 unapata 53. Zote tasa. Endelea hadi 39, na majibu yote arobaini ni tasa bila hata moja kuharibika. Kwa 40 unapata 1,681, ambayo ni 41 × 41.

Rafiki wa Fermat, padri Marin Mersenne, naye aliteleza. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo hadi 257 ambavyo alidai vinaifanya 2 yenye kipeo hicho, ikipunguzwa 1, kuwa namba tasa. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye ilionekana orodha ina makosa matano: 67 na 257 hazistahili kuwamo, na 61, 89 na 107 zilisahauliwa. Vigawo vya 2⁶⁷ − 1 vilionyeshwa na Frank Nelson Cole kwenye mkutano wa wanahisabati New York mwezi Oktoba 1903: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Euler mwenyewe hakupona. Mwaka 1769, miaka 37 baada ya kumsahihisha Fermat, alidai kwamba huwezi kupata vipeo vya tano vya namba nzima vinne ambavyo jumla yake ni kipeo cha tano, wala vipeo vya nne vitatu ambavyo jumla yake ni kipeo cha nne, na hivyo hivyo kuendelea. Dai likakaa karibu miaka mia mbili. Mwaka 1966 Leon Lander na Thomas Parkin walitumia kompyuta wakapata kwamba ukijumlisha vipeo vya tano vya 27, 84, 110 na 133, unapata kipeo cha tano cha 144. Makala yao iliyotangaza jambo hilo ilikuwa na sentensi mbili tu. Mtu aliyeshuhudia kwa mkono wake mwenyewe jinsi mifano inavyodanganya alidanganywa na mifano. Ndiyo maana siamini kwamba kuna kipaji kinachomkinga mtu na kosa hili. Kinachomkinga ni utaratibu wa kazi tu.

Lazima pia niseme kwamba dai lililoanguka halikuziua namba zenyewe. Tarehe 30 Machi 1796 Gauss, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Tangu enzi za Wagiriki wa kale hakuna aliyekuwa ameongeza umbo jipya la namna hiyo. Kiini cha ugunduzi wake ni kwamba 17 ni namba ya Fermat iliyo tasa. Leo 65,537 hutumika katika mfumo wa RSA unaolinda mawasiliano ya mtandaoni, kwa sababu ni tasa na kompyuta huikokotoa haraka. Na 4,294,967,296, jirani wa chini wa F5, ndiyo idadi ya anwani zote zinazowezekana katika mfumo wa zamani wa intaneti. Namba hizi zimetuhudumia vizuri baada ya kuambiwa ukweli wake.

Hali ya leo ni hii. Hakuna namba ya Fermat iliyo tasa iliyopatikana baada ya F4. F6 ilipatikana kuwa zao la 274,177 na 67,280,421,310,721, na Fortuné Landry aliyelichapisha jambo hilo mwaka 1880 alikuwa na miaka 82. F7 ilijulikana mwaka 1905 kwamba si tasa, lakini vigawo vyake vilisubiri mpaka mwaka 1970. F20 na F24 zinajulikana kwa uhakika kwamba si tasa, na bado hakuna anayejua hata kigawo kimoja cha mojawapo. Kuanzia F5 hadi F32, zote zimethibitishwa kuwa si tasa. Namba 28 mfululizo. Wengi sasa wanaamini kinyume kabisa cha alichoamini Fermat, yaani kwamba baada ya F4 hakuna tasa nyingine hata moja. Huenda ni kweli. Lakini mifano 28 nayo ni mifano, na wanaoamini hivyo wanasema wanaamini. Hadi sasa hakuna aliyethibitisha.

Mwalimu unayesoma haya, siku ya kufundisha namba tasa andika 4,294,967,297 ubaoni, wape wanafunzi kigawo 641, waache wagawanye wenyewe, kisha waambie ni nani aliyeikosa namba hiyo na kwa miaka mingapi. Wazoeze kuandika kando ya kila dai hali yake: limethibitishwa, limepimwa hadi wapi, au linaaminiwa tu, na neno hilo lisibadilishwe mpaka kazi mpya iwe imefanyika. Mmoja wao akikuuliza kuhusu F33, namba yenye tarakimu zaidi ya bilioni mbili na nusu, mwambie kwamba hadi sasa hakuna anayejua kama ni tasa au la.